Ziada ya Mtoto Mmoja

Nchi hii haipo. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ikitokea umeiona, kunja ramani yako uendelee na shughuli zako. Ina rais, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti sita ambao wananchi wanajua mbili, na ina jiji moja kubwa lililojaa watu mpaka serikali ikaacha kuwahesabu, ikaanza kuwakadiria kwa macho.

Katika jiji hilo, Mtaa wa Fundi Saa, aliishi mshona sare za shule aitwaye Kidawa, na mumewe Shomari, fundi wa majokofu, na binti zao watatu: Saumu wa miaka kumi na mmoja, Riziki wa miaka minane, na Mashavu wa miaka minne, ambaye jina lake lilimfaa mno hata wageni hawakuuliza sababu.

Kidawa alikuwa mtu wa shaka, na hakuona haya kwa hilo. Ukimletea habari njema, hukaa kimya kwanza, akaigeuzageuza kama anayekagua nyanya upande wa chini. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, atajiuliza ile ya pili ulikuwa unataka nini. Shomari alipomposa alimsubirisha miezi minane, kwa sababu hakuelewa mwanamume mwenye akili timamu angemtakia nini mwanamke asiyemwamini.

Kwa hiyo asubuhi ile kijana aliposimama mlangoni, amevaa kizibao cha njano, kishikwambi mkononi, Kidawa hakuinuka. Alikanyaga cherehani yake mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akamtazama.

"Shikamoo, mama. Naitwa Pangrasi, nimetoka Wizara ya Matakwa ya Wananchi. Nina swali moja tu."

"Marahaba. Moja?"

"Moja tu, mama. Unataka watoto wangapi?"

"Nani anauliza?"

"Serikali."

"Inataka kujua ya nini?"

"Inataka tu kusikia, mama. Ni serikali sikivu."

"Imeanza lini?"

Pangrasi alipekua kishikwambi chake kuona kama jibu la hilo limo. Halikuwemo. Kidawa akamwambia arudi kesho, na kijana akashukuru, kwa maana semina elekezi waliyopewa ilikuwa ya siku nne, na siku tatu kati ya hizo zilihusu namna ya kurudi kesho.

Swali moja! Hapo ndipo mtaa mzima ulipoingiwa na hofu. Katika nchi ile serikali ikikuuliza jambo, huuliza na jina la babu yako, na choo chako kimeezekwa kwa nini, na kama umewahi kuishi nje ya nchi, na kwa nini ulirudi. Maswali mengi hayana neno, hayo huishia kwenye makabati. Lakini swali moja peke yake, lililoletwa kwa upole na kijana aliyepiga pasi suruali, hilo lazima lina jambo.

Jioni wakakutana barazani kwa Mjumbe Kibwana, aliyekuwa mwakilishi wa serikali kwa nyumba kumi na mwenye muhuri. Mjumbe alikuwa na sifa nyingine pia, ila watu walimheshimu kwa muhuri. Aliufunga kwa kamba shingoni, na hata akila wali hakuuvua.

"Mnakumbuka mwaka wa kuku," akaanza, na watu wote wakaguna. Nani angesahau? Mwaka ule serikali iliuliza tu kila nyumba ina kuku wangapi. Watu wakajisifu. Aliyekuwa na wanne akasema kumi na wanne. Mwezi haukuisha, ikatangazwa kwamba kila kuku awe na kitambulisho chenye picha, na kuku aliyekutwa kwa jirani bila kitambulisho alishikiliwa ofisi ya kata mpaka mwenyewe alete barua ya utambulisho. Kuku kumi wasiokuwepo wa yule bwana walitafutwa miaka miwili.

Nesi Leokadia akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwa Kidawa, mwanamke mrefu wa maneno machache. Hakuolewa wala hakuzaa, ila nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake, Mashavu akiwemo. Yeye na Kidawa walikuwa mashoga wa kuombana chumvi na siri.

"Mie naona tuseme kweli," alisema Leokadia. "Anayetaka sita aseme sita. Asiyetaka aseme hataki."

Watu walimtazama kama mtu aliyetumwa. Kidawa naye, pamoja na ushoga wao wote, alijiuliza kidogo: kwa nini aseme hivyo, na kwa nini leo?

"Hapana," akasema Mjumbe. "Ukisema mmoja, utaonekana umeisusia nchi. Watatu, una tamaa. Wanne, unajiandaa kwa jambo. Usipotaka kabisa, unafanya mgomo. Na msije mkasema 'anajua Mungu', maana waraka umeshatoka: Mungu si mkazi wa kata hii na hawezi kujibu kwa niaba ya kaya. Semeni wawili. Wawili ni jibu la mtu asiye na neno na mtu."

Basi mtaa ukasema wawili. Kinyozi asiye na mchumba akasema wawili. Bibi yake Shomari, mwenye miaka themanini na mmoja, akasema wawili na kuongeza kwamba yuko tayari. Nesi Leokadia, ambaye hakupenda kubaki peke yake, akasema wawili. Pangrasi aliporudi kwa Kidawa, Mashavu alikuwa chini ya cherehani anaokota vifungo, na Kidawa akajibu "wawili" kwa sauti ndogo. Alijisikia vibaya, kama aliyemsengenya mtu naye yupo. Ukweli ni kwamba aliwataka watatu, wale wale aliokuwa nao, hakumpungukia hata mmoja na hakumzidi hata mmoja. Lakini huo ni ukweli ambao humwambii mtu mwenye kishikwambi.

Jambo ambalo Mtaa wa Fundi Saa haukulijua ni kwamba kila mtaa wa jiji lile ulikuwa na baraza, na kila baraza lilikuwa na mjumbe anayekumbuka mwaka wa kuku.

Mheshimiwa Dakta Barnaba Kidifu, Waziri wa Matakwa ya Wananchi, alipopokea matokeo alitokwa na machozi mbele ya kamera, akayaacha yakauke yenyewe ili yaonekane vizuri.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wananchi, nimetumikia taifa hili miaka thelathini, sijapata kuona umoja wa namna hii. Asilimia mia moja mmesema wawili! Hata mimi uchaguzini sikupata mia moja, nilipata tisini na tisa nukta tisa, na yule mmoja bado tunaendelea kumwelimisha. Mmesema wawili, na serikali imesikia. Sasa serikali iliyosikia itakaaje kimya kama ambayo haikusikia?"

Wenye akili walianza kuwaita watoto wao waingie ndani.

Waziri akatangaza Sheria ya Ulinganifu wa Kaya na Matakwa Yake. Kaya yenye watoto zaidi ya idadi iliyoitaka, hiyo ina ziada. Kaya yenye pungufu, hiyo ina upungufu. Serikali itachukua ziada palipo na ziada na kuipeleka palipo na upungufu, ili mwaka usiishe akabaki mwananchi hata mmoja mwenye kitu ambacho hakukitaka. Kaulimbiu ya zoezi: Ulichotaka Ndicho Utakachopata.

Mwandishi mmoja wa habari, ambaye bado alikuwa mgeni kazini, akauliza, "Mheshimiwa, wewe mwenyewe una watoto kumi na wanne. Ziada yako itakwenda wapi?"

"Fomu inasema kwa kaya," Waziri alimjibu kwa upole wa mwalimu. "Mimi nina kaya saba."

Hakukuwa na swali lingine. Mwandishi yule sasa anasoma hali ya hewa.

Wiki hiyo hiyo Pangrasi alipita mtaani na kopo la rangi nyeupe. Kwenye mlango wa Kidawa aliandika Z1, maana yake ziada ya mmoja. Kwenye mlango wa Leokadia aliandika U2, upungufu wa wawili. Kinyozi alipewa U2, akafunga kibanda chake akaenda kutafuta kazi bandarini.

"Mwanangu Pangrasi," alisema Kidawa, akimfuata nyuma na rangi haijakauka, "ngoja nikwambie kitu. Nilidanganya."

Pangrasi aliziba kishikwambi kwa kiganja kama anayeziba masikio ya mtoto. "Mama, usiseme hivyo mbele ya kifaa."

"Basi nibadilishie. Andika watatu."

"Ipo fomu ya kubadili matakwa, mama. Hutolewa kwa kaya zilizokwisha kulingana."

"Nikishalingana nibadili kitu gani?"

"Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuichukua," alisema Pangrasi, na Kidawa akaona kwamba kijana mwenyewe amesikitika, jambo lililomtia shaka zaidi. "Ziada ni yule wa mwisho kuzaliwa. Atapelekwa kwenye upungufu ulio karibu. Tutakuja baada ya siku kumi."

Kidawa aliingia ndani akakaa kitandani. Mashavu akamfuata, akampa kifungo chekundu, akamwambia amlindie. Hapo ndipo mama mtu alipolia, mdomo kwenye khanga, ili majirani wasisikie wakajua pa kumshika.

Siku ya pili yake Leokadia alikuja na sahani ya mihogo, akasema neno lake akiwa bado amesimama.

"Mimi ndiye upungufu ulio karibu. Kwenye karatasi mtoto awe wangu, nyumbani abaki wako. Mkaguzi akija, mlete kwangu nusu saa anywe uji, mkaguzi akiondoka mchukue. Basi."

Shomari alitaka kumbusu mikono. Kidawa alisema asante, akapokea mihogo, na mgeni alipotoka tu akaanza kufikiri, na kufikiri kwa Kidawa kulikuwa hatari. Ni nani aliyekuwa akimpa Mashavu biskuti kila Jumapili? Ni nani aliyesema barazani watu waseme kweli, kana kwamba anajua kitakachofuata? Na kile kitanda kidogo chumbani kwa Leokadia, ambacho alisema ni cha mpwa wake wa bara, mbona huyo mpwa hajawahi kuonekana?

"Mama Saumu," alisema Shomari, "yule ndiye aliyemtoa mtoto tumboni mwako."

"Ndiyo hivyo! Anamjua kabla yetu."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka karatasi."

Hapa msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa, lakini wa nchi ile asingeshangaa hata kidogo. Watu wale hawakuiamini serikali kwa lolote, usiku wala mchana. Waliificha kuku, waliificha majina, waliificha hata magonjwa. Ila walipotaka kuaminiana wao kwa wao, hawakujua njia nyingine zaidi ya kuandikishana na kwenda kugongewa muhuri wa serikali ile ile. Ndugu akimwazima ndugu yake ngazi, walikwenda kwa mjumbe. Wezi wawili wakigawana mabati, walikwenda kwa mjumbe.

Kidawa aliandika kwa mkono wake, kwa mwandiko wake wa kupima viuno: *Mimi Leokadia Nyambo, kwa akili zangu timamu, natamka kuwa simtaki mtoto Mashavu binti Shomari, wala sitamtaka, na kwamba kupewa kwangu ni kwa karatasi tu.* Akampelekea.

Leokadia alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Hili umeliandika wewe, Kidawa?"

"Ni kwa usalama wetu sote, dada."

"Sote nani?"

Leokadia akatia sahihi, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akaenda jikoni kwake bila kuaga. Kidawa alibaki sebuleni peke yake, na aibu ilimpata, lakini karatasi aliikunja vizuri.

Mjumbe Kibwana aliupulizia muhuri wake pumzi ya moto, akagonga. Hakusoma. Alikuwa na msimamo kwamba kusoma ni kazi ya ofisi za juu. Aligonga nakala tatu kwa mujibu wa utaratibu: moja ya mwenye shauri, moja ya faili, moja ya kata. Kidawa aliiona ile ya tatu ikiwekwa pembeni, na siku nyingine yoyote angeuliza inakwenda wapi. Siku ile macho yake yote yalikuwa kwa Leokadia.

Ofisi ya kata ilipokea karatasi mia nne kwa wiki na haikusoma hata moja. Lakini Alhamisi ile umeme ulikatika, feni ikasimama, na karani akanyoosha mkono akachukua karatasi iliyo karibu ajipepee. Alijipepea upande mmoja, akajipepea upande wa pili, na katika kugeuzageuza jicho likaangukia neno "kwa karatasi tu".

Siku ya kumi Pangrasi alikuja na maofisa wawili wanene. Alisoma kutoka kwenye kishikwambi bila kuinua uso.

"Kaya ya Shomari ilitaka watoto wawili, nao inao. Leokadia Nyambo, kwa hati yenye muhuri halali, hamtaki mtoto Mashavu wala hatamtaka. Wizara imetafuta mtu mwingine mwenye hati ya kumtaka, haikumpata. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, mtoto asiyetakwa na mtu yeyote kwa maandishi ni mtoto wa Taifa."

"Namtaka mimi!" alisema Kidawa.

"Kwa maandishi, mama?"

"Kwa maandishi! Lete hicho kidude niandike! Niandike wapi?"

"Dirisha la kutaka lilifungwa mwezi uliopita," alijibu mmoja wa wale wanene, naye alikuwa anasema kweli.

Mashavu aliuliza kama avae viatu. Akaambiwa avae. Alivaa cha kulia mguu wa kushoto, kama kawaida yake, na akaenda kwa furaha kabisa, kwa sababu gari la Wizara lilikuwa na ngazi na hajawahi kupanda gari lenye ngazi. Kidawa alilikimbilia mpaka njia panda, mabega wazi, khanga imebaki mkononi mwa Riziki aliyekuwa anamvuta arudi. Shomari alikaa katikati ya majokofu ya watu akashindwa hata kulia. Na Pangrasi, kabla hajaondoka, alifuta Z1 mlangoni akachora alama ya vema.

Kaya zingine zote za jiji zenye ziada, elfu na maelfu, hazikupoteza mtoto. Waliwaandika watoto wao kwa majirani, kwa mashemeji, kwa wafu, hawakuomba karatasi, na maofisa walipokuja waliambiwa mtoto amekwenda kumsalimia bibi. Kidawa alilisikia hilo baadaye, na lilimuuma kuliko yote.

Siku ya tatu Leokadia alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Nimekasirika," alisema. "Na nikimaliza kusema hili nitaendelea kukasirika. Lakini soma." Akampa kipande cha gazeti.

Kituo cha Watoto wa Taifa kilihitaji walezi wawili. Sharti la kwanza, mwombaji awe na uzoefu wa kulea. Sharti la pili, asiwe na uhusiano wowote na mtoto yeyote wa Taifa. Leokadia, kama mkunga mstaafu, alikuwa ameombwa apendekeze majina, na alikuwa amekwisha andika la Kidawa. Kidawa alisoma mara tatu, kisha mkono wake, wenyewe tu, ukageuza gazeti kuona nyuma kuna nini.

"Bado?" aliuliza Leokadia.

"Nisamehe, dada," alisema Kidawa, na hilo neno alikuwa hajalisema kwa mtu tangu aolewe.

"Utaomba radhi ukishamwona mtoto. Kaombe barua."

Mjumbe Kibwana aligonga muhuri barua inayothibitisha kwamba Kidawa si mama wa mtoto yeyote aliye chini ya Taifa. Hakusoma. Safari hii umeme wa kata haukukatika.

Kwenye usaili walikaa watu watatu na chupa tatu za maji.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?" aliuliza wa katikati.

Kidawa alitafuta jibu lisiloweza kumtia mtu shaka. "Naipenda nchi yangu," alisema, na wote watatu wakaandika bila kuinua macho.

"Unamfahamu mtoto aitwaye Mashavu?"

"Simfahamu."

"Utaapa?"

"Nitaapa."

"Ujue kiapo cha uongo kina adhabu. Ukibainika, kaya yako yote inahesabiwa haijatakwa. Una watoto nyumbani?"

"Wawili," alisema Kidawa. Aliinua mkono wa kulia, akatamka mbele ya bendera kwamba yeye si mama wa Mashavu. Maneno yalitoka vizuri, moja moja, na alipotoka nje alitapika kwenye maua ya Wizara.

Jumamosi kituo kikazinduliwa. Kilikuwa na vitanda mia tatu, ofisi arobaini, ukumbi wa mikutano, sanamu ya Waziri akiwa amebeba mtoto, na mtoto mmoja. Matarumbeta yalipigwa. Nje ya kamba, katikati ya umati, Shomari alisimama na Saumu na Riziki, nao walikuwa wamekatazwa wasipunge mkono, wasiite, wala wasimwangalie mlezi yeyote zaidi ya mwingine. Kidawa alikuwa mstari wa mbele na sare ya kijani iliyoshonwa vibaya. Upande wa pili wa jukwaa, Pangrasi na kishikwambi chake. Kijana alimwona. Akamtazama muda, akainamia kifaa chake, akaanza kuandika. Anaandika nini? Kidawa angetoa kidole kimoja ajue.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Dakta Kidifu. "Mtoto huyu, ndugu wananchi, hakutakwa na mtu. Leo anatakwa na taifa zima! Mleteni, akabidhiwe kwa mlezi wake, mtu asiyemjua, asiyemhusu, aliyeletwa kwake na uzalendo peke yake."

Mashavu alitokea na gauni la rangi za bendera. Alimpita Waziri, akaipita sanamu ya Waziri, akasimama. Kisha akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

"Mama!"

Akakimbia akamrukia Kidawa shingoni, akajibana hapo. Matarumbeta yakakatika. Pangrasi akainua kichwa. Kitu ambacho Kidawa alikiona mbele yake ni Saumu na Riziki wakipanda gari lenye ngazi.

Kisha Dakta Kidifu akapasua kicheko cha furaha.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Mmeona wenyewe! Sekunde kumi! Sekunde kumi tu, tayari anamwita mama! Wako wataalamu waliosema mtoto ana mama yake maalumu. Leo sayansi imeumbuka hapa hapa. Mtoto hana mama maalumu, ana hitaji tu, na serikali ndiyo yenye kukidhi mahitaji. Kwa mafanikio haya, naagiza kuanzia Jumatatu tupite nyumba kwa nyumba, na safari hii mpaka kwa hao bibi zao wanaosalimiwa. Vitanda mia mbili tisini na tisa vinangoja!"

Mashavu alimshika mama yake mashavu kwa viganja viwili, kama alivyozoea akitaka asikilizwe. "Mama, twende nyumbani. Sipapendi hapa."

Waziri, mwenye kupenda maneno ya watoto, akasogeza kipaza sauti ili taifa lisikie jibu la mlezi. Kidawa alimtazama mwanawe kwa karibu. Alimpenda hapo kuliko siku zote alizowahi kumpenda.

"Hapa ndipo nyumbani," alisema.

Umati ukalipuka makofi. Wanawake wenye watoto watano vijijini kwa bibi zao walipiga makofi. Mjumbe Kibwana alipiga, muhuri ukimrukaruka kifuani. Shomari alipiga. Mmoja wa wale maofisa wanene alikuwa akipita taratibu kati ya mistari, akiangalia mikono ya watu, si nyuso. Na Pangrasi alikuwa amekibana kishikwambi kwapani, anapiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu, akimkazia macho Kidawa, kama anayemfundisha. Kidawa hakujua kama kijana anamwokoa au anamwandalia kesi.

Ofisa akamfikia. Akamtazama mikono, iliyokuwa imemkumbatia mtoto.

Kidawa alimbandua Mashavu shingoni, kidole kimoja kimoja. Akamweka chini, akapiga makofi.